Mteja Anataka Shingo Ilizwe: Utajuaje Kama Mshipa Umeshachanika?

Swali limetoka kwa dada anayefanya kazi kwa kliniki ya kairopraktiki, wale wanaotibu mgongo na shingo kwa mikono kwa kuizungusha ghafla mpaka ilie ko, pande za Kilimani, Nairobi: "Mwalimu habari. Mimi ndio huwa napokea wateja, nachukua historia na presha kabla waingie kwa daktari. Jumatatu alikuja jamaa wa miaka 39, shingo inamuuma upande wa kushoto mpaka kisogoni, anasema ilianza Ijumaa kwa kinyozi pale anapigwa masaji wakamgeuza kichwa ikalia ko. Pia akasema akipanda ngazi anahisi kizunguzungu kidogo. Daktari alikuwa ameshikika, jamaa akachoka kungoja akaenda, amepanga kurudi Alhamisi. Nimesikia mshipa wa shingo unaweza kuchanika mtu apate kiharusi. Nitajuaje mtu kama huyo kabla alale kwa meza? Na bosi nitamwambiaje na mimi si daktari?"

Dadangu, kabla sijaandika lolote, mpigie huyo jamaa simu. Saa hii, usingoje Alhamisi. Mwambie aende hospitali yenye skani leo, aende na mtu, asijiendeshe. Muulize kama kizunguzungu kipo bado, kama anaona vitu viwili viwili, kama kumeza kunamsumbua, kama kuna mahali usoni au mkononi pana ganzi, na hata akikujibu hapana kwa yote bado mwambie aende, juu maumivu mapya ya shingo ya upande mmoja yaliyoanza ghafla shingo ikizungushwa, alafu kizunguzungu kikaongezeka juu yake, hayo si ya kupangiwa apointimenti. Ukimaliza rudi tuendelee.

Pengine atapimwa apatikane ni misuli tu, na atakulaumu kwa kumtoa pesa ya skani. Hiyo lawama ibebe.

Sasa. Watu wakisikia hii stori ya kairo na mishipa ya shingo huwa wanauliza kitu kimoja, je, mikono ya daktari inaweza kuchana mshipa? Wanabishana hapo mpaka usiku. Lakini wewe umeuliza kile cha maana zaidi, kwamba huyu mtu anayeingia mlangoni akishika shingo, kwani ni nini kimemleta? Mshipa ukichanika unauma. Unauma shingo na unauma kichwa, na mtu akiumwa na shingo anaenda wapi? Anaenda kwa kemisti adungwe, anaenda kwa mtu wa masaji, anaenda kwa fizio, anaenda kwenu. Kwa hivyo wengine wanafika kwa meza yenu mshipa ukiwa umeshachanika siku tatu zilizopita, na hawajui, na wewe ndio mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kushtuka.

Wacha nikueleze kinachotendeka huko ndani ndio maswali yako yawe na kichwa na miguu. Kuna mishipa minne mikubwa inapeleka damu kwa ubongo. Miwili iko mbele, ile unaisikia ikidunda ukiweka vidole kando ya koo, hiyo ni karotidi. Miwili ingine iko nyuma, inapanda ndani ya vitundu vya pingili za shingo kuanzia ya sita kwenda juu, hiyo inaitwa ateri za vatebra, na ikifika kwa pingili ya kwanza kabisa inapiga kona kali kabla iingie kwa fuvu. Hapo kwa kona ndio inavutika zaidi kichwa kikizungushwa kwa nguvu. Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. Tabaka la ndani likipasuka kidogo damu inajipenyeza katikati ya kuta, kama ule mpira wa maji wa kuoshea magari ukizeeka, ngozi ya ndani ikibanduka maji yanaivimbisha mpaka njia inakuwa nyembamba. Kwa mshipa shida si kubana tu. Pale palipochanika damu inaganda, na kipande cha damu iliyoganda kinaweza kung'oka kikapanda mpaka kwa ubongo kikaziba. Hicho ndicho kiharusi. Kati ya mshipa kuchanika na kiharusi kunaweza kupita dakika, masaa, siku kadhaa, wengine hata wiki. Hilo pengo ndilo tunaongelea hapa, ndio saa yako ya kufanya kazi.

Si jambo la kila siku. Kwa nchi zilizohesabu, ni kati ya watu wawili na watatu kwa kila 100,000 kwa mwaka, kwa hivyo kliniki yenu inaweza kukaa muda mrefu bila kuona hata mmoja. Lakini angalia nani anapatwa: umri wa kati wao ni kama miaka 45. Kwa viharusi vyote kuchanika kwa mishipa ya shingo ni kama asilimia 2 tu, ila ukichukua wale wa umri mdogo na wa makamo peke yao inafika kati ya asilimia 10 na 25. Hao ndio wateja wenu, watu wa ofisi, watu wa gym, akina mama wenye watoto wadogo. Na si lazima awe mnene, si lazima awe na mafuta mengi kwa damu, enyewe utafiti mkubwa wa Ulaya ulipata watu hawa wana uzito mdogo na kolesteroli ya chini kuliko wagonjwa wengine wa kiharusi. Ukingoja mtu anayefanana na mgonjwa wa kiharusi utampita huyu.

Kuhusu kama kuliza shingo ndiko kunachana, nitakuambia ninavyoona na nisikae hapo sana. Kule Ontario, Kanada, kina Cassidy walichapisha mwaka 2008 utafiti wa viharusi 818 vya mishipa ya nyuma vilivyolazwa hospitali kwa miaka tisa. Walipata kwamba wagonjwa wa chini ya miaka 45 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamemwona mtu wa kairo siku za karibuni. Watu wa kupinga kairo wakafurahia. Lakini uhusiano wa namna hiyo hiyo ukapatikana pia kwa waliomwona daktari wa kawaida wa familia, na daktari wa familia hazungushi mtu shingo, anaandika dawa tu. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa wanatafuta msaada wa maumivu ya mshipa uliochanika tayari. Watu wa kairo nao wakafurahia, wakasema unaona, hatuna makosa. Hapana, pole pole. Chama cha moyo cha Marekani kilikaa na hayo yote mwaka 2014 kikasema ushahidi wa kwamba kuzungusha shingo kunasababisha haujatosha, ila uhusiano upo, nguvu za mikono zinaweza kuchangia, na mteja aambiwe kabla ya kuguswa. Mimi naongeza hili: hata kama mikono haikuchana, mshipa uliochanika na una damu iliyoganda ndani hautaki mtu auzungushe tena. Hapo hakuna mtu wa upande wowote anabisha.

Kuna kisa cha mwanamitindo wa Marekani, Katie May, aliyefariki Februari 2016 huko Los Angeles. Ofisi ya kuchunguza vifo ilisema mshipa wa vatebra ulichanika kwa sababu ya kuzungushwa shingo kwa kairo. Lakini stori inaanzia nyuma kidogo: alikuwa ameanguka akipigwa picha, shingo ikaanza kumuuma, ndio akaenda kutibiwa. Ukiisoma kama mtu wa mapokezi haikufundishi kubishana, inakufundisha kuuliza. Umeanguka? Lini? Maumivu yalianza kabla au baada? Yamebadilika tangu hapo?

Haya tuingie kwa maswali yenyewe, na hapa sitaki uharakishe.

Swali la kwanza, la maana kushinda yote: ushawahi kuwa na maumivu kama haya? Mtu wa shingo ya kawaida atakuambia aah hii ni ile yangu ya siku zote, nikikaa kwa kompyuta inakuja, nikilalia mto mbaya inakuja. Mtu wa mshipa mara nyingi anasita. Anakuambia hii ni tofauti. Kuna wenye kipandauso wamezoea kuumwa kichwa miaka na miaka na bado watakuambia hii siyo ile. Mtu akikuambia hii sijawahi kuiona maishani mwangu, weka kalamu chini umsikilize. Usimjazie sentensi. Sisi Wakenya tuna maneno yetu ya kufunika, "nadhani nililalia vibaya", "ni baridi iliingia", na mtu wa mapokezi anaandika hivyo hivyo kwa fomu kisha daktari anasoma "alilalia vibaya" na jambo limeisha. Ukisikia hayo uliza tena: uliamka nayo, ama ilikupata ukiwa macho? Ilianza mara moja ama iliongezeka taratibu?

Pili, wapi hasa. Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja. Mshipa wa nyuma unauma kisogoni na nyuma ya shingo, upande mmoja. Wa mbele unauma kando ya shingo, taya, uso, panja, na sana sana nyuma ya jicho. Mtu anayekuja kwa kairo akisema shingo na jicho la upande huo huo vinauma, huyo ni wa kuangaliwa vizuri. Upande mmoja pekee haitoshi kushtuka kwa sababu misuli pia huuma upande mmoja, ni ule upya wake, ughafla wake na ubishi wake. Maumivu ya misuli na viungo hubadilika na jinsi unavyokaa, kuna mkao unapata nafuu. Haya ya mshipa mara nyingi yapo tu, umekaa yapo, umelala yapo, wengine wanasema yanadunda. Ila usikubali kudanganywa na hiyo pia, kuna wenye mshipa uliochanika na ukigusa misuli inauma na kugeuka kunauma vilevile, na masaji iliwapa nafuu ya masaa mawili. Hakuna dalili moja inayokata kesi.

Tatu, kulitokea nini wiki chache kabla. Hapa usingoje ajali kubwa. Kuna mishipa huchanika kwa kitu kidogo mpaka mtu anaona aibu kukitaja: kukohoa sana, kutapika, kupiga chafya, kuinua mtungi wa maji wa lita 20, kuinua chuma gym, matatu ikifunga breki ghafla Thika Road kichwa kikaenda mbele kikarudi. Kuchora dari. Kulala saluni shingo imening'inia nyuma kwa sinki ya kuoshea nywele, hii hata iliandikwa na daktari Weintraub wa Marekani mwaka 1993, wagonjwa watano. Na hii ya vinyozi wetu, unanyolewa, unapakwa skrabu, unapigwa masaji ya mabega, alafu kabla useme asante kichwa kimeshikwa kidevuni na kisogoni na kugeuzwa kulia ko, kushoto ko. Mimi hii tabia siipendi hata kidogo na nawaambia watu wangu wote, ukikaa kwa kiti cha kinyozi sema mapema, shingo yangu usiguse. Kairo angalau amesomea, ana meza, anakuuliza historia. Kijana wa kinyozi amejifunza TikTok. Muulize mteja wako hivyo wazi wazi, "umeenda kinyozi au saluni hivi karibuni, walikugeuza shingo?" kwa sababu hatasema mwenyewe, haoni kama ni jambo la kiafya.

Uliza pia kama alikuwa na homa au mafua makali wiki iliyopita, maambukizi yameonekana kuwa na uhusiano. Uliza kipandauso. Uliza presha. Uliza mama kama amejifungua wiki chache zilizopita. Na uliza kama kwa familia yao kuna mtu mshipa mkubwa ulipasuka au alikufa ghafla kijana, kuna magonjwa ya kurithi yanayofanya kuta za mishipa ziwe dhaifu, na wengine wao viungo vinanyumbulika kupita kawaida, gumba linakunjwa mpaka linagusa mkono chini ya kiganja.

Nne, kichwani na machoni kumetokea nini tangu maumivu yaanze, hata kama kilipita. Hii "hata kama kilipita" itamke. Mtu aliyeona giza jicho moja kwa dakika tano Jumapili kisha likarudi atakuambia yuko sawa. Kizunguzungu, kuyumba kama amelewa, vitu viwili viwili, ulimi mzito, chakula kwenda njia isiyo yake, sauti kukwaruza, kichefuchefu na kutapika, ganzi usoni, kwikwi isiyoisha, kuanguka ghafla miguu ikiishiwa nguvu bila kuzimia. Na mlio sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, wuush, wuush, hii watu hawasemi mpaka uulize, na ni dalili ya maana sana ya karotidi kuchanika.

Kizunguzungu kinasumbua watu kwa sababu kila mtu Nairobi ana kizunguzungu, hajala, ana damu kidogo, ana mawazo. Sikuambii umpeleke kila mtu skani. Kizunguzungu cha zamani kinachokuja akigeuka kitandani kwa sekunde chache mara nyingi ni cha sikio. Lakini kizunguzungu kipya kilichozaliwa pamoja na maumivu mapya ya shingo, hiyo ndoa usiichukulie rahisi.

Sasa macho yako na mikono yako. Presha unachukua tayari, vizuri, ikiwa juu sana iandike kwa kalamu nyekundu na daktari ajue kabla ya kumlaza. Alafu muangalie usoni, upana wa macho mawili. Karotidi ikichanika inaweza kusumbua neva zinazopanda nayo, kope la upande huo linashuka kidogo tu, milimita moja au mbili, na mboni inakuwa ndogo kuliko ya upande wa pili. Sisi macho yetu ni meusi, mboni haionekani vizuri chini ya taa za ofisi, kwa hivyo fanya hivi: zima taa au funga pazia chumba kiwe na giza kiasi, shika tochi ya simu kutoka chini pembeni isimpige machoni moja kwa moja, ulinganishe. Tofauti inaonekana zaidi kwa giza kwa sababu ile mboni mbaya inashindwa kufunguka. Ukiwa na wasiwasi mwombe picha yake ya zamani kwa simu, kuna watu walizaliwa na jicho moja dogo. Mtu mwenye maumivu ya shingo na kope jipya lililoshuka, hata akiwa anacheka na wewe, ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Mwambie atoe ulimi, uone kama unaenda upande. Mwambie afuate kidole chako kwa macho uone kama macho yanarukaruka. Aguse pua yake kisha kidole chako. Mguse mashavu yote mawili kwa kitu baridi, chuma chochote kisafi, akuambie kama ubaridi ni sawa. Na mwambie atembee, kisigino mbele ya kidole, hatua kadhaa kwa korido. Usiruke hii ya kutembea. Zile dalili za kiharusi wanafundisha kila mahali, uso kupinda, mkono kuanguka, maneno kupotea, zinashika vizuri viharusi vya mbele lakini kiharusi cha mishipa ya nyuma kinaweza kuzipita zote tatu, mtu ana uso sawa, mikono sawa, anaongea sawa, ila akisimama anayumba kama mtu ametoka klabu.

Kitu kimoja usikifanye, na ukiona kinafanywa hapo kazini uliza. Ile ya kumlaza mtu, kukirudisha kichwa nyuma na kukigeuza mpaka mwisho ukashikilia kuona kama atapata kizunguzungu. Tulifundishwa hiyo wengi wetu. Ilikuwa eti inapima kama mishipa ya nyuma iko salama. Haipimi, mtu anaweza kuipita bila kizunguzungu na mshipa umechanika, kwa sababu mshipa wa pili unasaidia, alafu ukimfanyia mwenye shida umeshamzungusha ile shingo ulikuwa unaogopa kuizungusha. Mwongozo wa kimataifa wa fizio wanaotibu shingo kwa mikono, ule wa 2020, umeacha kuipendekeza.

Ukishashuku, mtu huyo haguswi shingo. Si kuliza, si masaji, si kuvutwa, si "tumfanyie kidogo tu apate nafuu". Usimpe aspirini ya mkoba wako, najua utasoma mahali kwamba aspirini ndiyo dawa, na ni kweli ni mojawapo, lakini mshipa ukichanika sehemu iliyo ndani ya fuvu unaweza kuvuja damu, na hilo linajulikana kwa skani tu. Kama kumeza kunasumbua asinywe hata maji. Andika saa, si saa aliyofika kwenu, saa ya mwisho alipokuwa sawa kabisa bila dalili za ubongo, kwa sababu ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu, na kwa foleni ya Ngong Road saa kumi na moja jioni ukipoteza nusu saa mkibishana nani atampeleka umekula muda wa mtu. Chagua hospitali yenye skani inayofanya kazi usiku na mchana na watu wa kiharusi, Hospitali ya Kenyatta (KNH), Aga Khan, Nairobi Hospital, iliyo karibu na mfuko unaoweza, na mpige simu mbele. Usimpeleke kwa zahanati ya mtaa eti aandikiwe barua.

Barua andika wewe, fupi, na hapa ndipo wengi tunaangukia. Ukiandika "maumivu ya shingo" atapigwa eksirei ya shingo, itaonyesha mifupa mizuri, atarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Eksirei haioni mshipa. Skani ya kawaida ya kichwa pia inaweza kuwa safi kabisa mwanzoni. Andika: maumivu mapya ya shingo upande wa kushoto tangu Ijumaa baada ya shingo kuzungushwa, kizunguzungu, tunashuku mshipa wa shingo kuchanika, tunaomba skani ya CT ya mishipa ya shingo na kichwa au MRI yenye picha za mishipa. Hiyo sentensi moja inamfanya daktari wa zamu afikirie kitu ambacho saa nane usiku pengine kisingemjia. Ultrasaundi ya shingo inaweza kusaidia lakini ikisema hakuna kitu isiwatulize, sehemu ya juu karibu na fuvu haiioni vizuri.

Na ikitokea mtu yuko kwa meza, shingo imeshalizwa, kisha aseme nahisi kizunguzungu, naona vibaya, nataka kutapika? Muache pale pale, alale, msimuinue haraka, ambulensi. Kosa baya kabisa ni kumrudia shingo "kurekebisha". Hakuna cha kurekebisha.

Usiwaze kwamba ukimpeleka mtu hospitali unampeleka kufa. Wakishikwa mapema wengi wanafanya vizuri. Wanapewa dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini au zile kali zaidi, kwa kawaida miezi mitatu mpaka sita, na mishipa mingi inapona yenyewe kwa huo muda. Utafiti wa Uingereza na Australia uliotoka 2015 ulifuata watu 250, ndani ya miezi mitatu ya matibabu waliopata kiharusi kipya ni wanne tu. Baadaye watataka kurudi kwenu kwa sababu shingo bado ngumu. Mazoezi sawa. Kulizwa shingo tena, hapana, na iandikwe kwa faili yao.

Bosi sasa. Usiende kwake na hofu wala usiende na makala za intaneti ati kairo inaua, mtu hujitetea ukimshambulia kazi yake, na wengi wa hao madaktari haya wamefundishwa, ni ratiba ya wateja kila dakika kumi na tano inayowasahaulisha. Mwendee na fomu. Mwambie daktari, naomba tuongeze mistari minne kwa fomu ya mteja mpya: maumivu ni mapya na tofauti, ndiyo au hapana, yalianza ghafla, kuna kitu kilitokea kwa shingo mwezi huu ikiwemo kinyozi na saluni, kuna dalili yoyote ya macho, kumeza, kutembea, ganzi. Mkubaliane kwamba ndiyo mbili au zaidi unabisha mlango wake kabla mtu avue koti, hata akiwa na mteja ndani. Na mkubaliane pia kila mteja wa shingo anaambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba kuna hatari ndogo, asaini akiwa ameelewa, kuna njia zingine za kumtibu bila kuzungusha kwa kasi. Daktari mwenye akili atakushukuru, hiyo fomu inamlinda yeye kuliko mtu yeyote. Akikataa kabisa, akakuambia wewe kazi yako ni kupokea simu na M-Pesa, basi endelea kuuliza maswali yako kwa mdomo na uandike majibu na saa pembeni ya jina la mteja, na anza kutuma barua za maombi kwingine.

Jamaa wa kinyozi ukimpata kwa simu na akatae kwenda kwa sababu ya pesa, niandikie leo, tutafute namna, na muulize kama SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, imelipiwa.